Kutoka Srinagar hadi Turtuk: Safari ya Mabonde ya Himalaya



Mtu aliyezaliwa Lamu, Mombasa au Malindi amezoea kuiona bahari kuwa ni njia. Hata mtoto mdogo anajua kwamba ng'ambo ya maji wako watu, kwa kuwa kaskazi iliwaleta na kusi ikawarejesha makwao, na wengine hawakurejea bali walioa wakawa jamaa zetu. Mlima, kwa fikira za wengi wetu, ni kinyume cha hayo: ni ukuta, na nyuma yake hakuna habari. Katika kiangazi cha mwaka 2024 tulijaaliwa kusafiri watu saba wa jamaa moja, wanawake wanne na wanaume watatu, kwenda kwenye mabonde ya Himalaya yaliyo kaskazini kabisa mwa India. Tulikaa huko siku kumi na sita. Mwenzetu mmoja, ambaye babu yake alitoka Punjab kuja kujenga reli ya Mombasa, ndiye aliyekuwa mkalimani wetu, maana Kiurdu chake alikirithi nyumbani na hakijamtupa mkono.

Kituo cha kwanza kilikuwa Srinagar, mji wa Kashmir uliojengwa kandokando ya mto Jhelum na ziwa Dal, kwenye kimo cha mita 1,585 hivi juu ya usawa wa bahari. Watalii huenda Srinagar kwa ajili ya nyumba za mbao zinazoelea ziwani, nasi tulilala katika mojawapo usiku mmoja. Ni starehe, hatukatai. Lakini aliyekuja kutoka nchi ya majahazi hahitaji kukaa sana juu ya maji. Mji wenyewe uko katika vichochoro vya kale, penye masonara, wauza shaba na waokaji mikate, na ndani ya vichochoro hivyo imo misikiti ambayo hatukuwahi kuona mfano wake.

Msikiti wa Ijumaa wa Srinagar ulianza kujengwa mwaka 1394 kwa amri ya Sultani Sikandar. Umeungua moto zaidi ya mara moja na kila mara ukajengwa upya. Paa lake linashikiliwa na nguzo zaidi ya 300, kila nguzo ni gogo moja zima la mwerezi. Hauna kuba. Minara yake ina mapaa ya mbao yaliyochongoka kama hema, na katikati mna ua mpana wenye bustani na birika la maji. Aliyesali katika misikiti yetu ya mawe na chokaa, yenye nguzo nene na mihirabu iliyonakshiwa, anaona mara moja kwamba hapa fundi alikuwa na msitu badala ya matumbawe, akamwabudu Mola wake kwa alichokuwa nacho.

Karibu na mto iko khanqah ya Mir Sayyid Ali Hamadani, mwanachuoni aliyezaliwa Hamadan katika Uajemi mwaka 1314 na ambaye watu wa Kashmir humtaja kwa mapenzi makubwa. Husimuliwa kwamba alikuja na wafuasi wengi, miongoni mwao wafumaji, wachongaji na mafundi wa mazulia, ndipo dini na kazi za mikono vikaingia Kashmir kwa mlango mmoja. Kuta za khanqah hiyo zimepambwa kwa maua na maandishi ya rangi tangu chini hadi darini. Baada ya sala ya alfajiri watu hukaa na kusoma kwa sauti moja nyiradi ziitwazo Awrad-e-Fathiya, zinazonasibishwa na sayyid huyo. Tulizisikia tukiwa upande wa wanawake. Maneno mengi tuliyajua, mahadhi yalikuwa mageni, na mmoja wetu alinong'ona kwamba alijihisi yuko Lamu usiku wa kuamkia Ijumaa, ratibu inaposomwa.

Jina la sayyid huyo tuliombe msomaji alikumbuke, kwani tutakutana nalo tena mwisho wa bonde la mwisho.

Akina mama watataka kujua habari za chakula. Watu wa Kashmir wana kinywaji kiitwacho kahwa, na jina lisitudanganye, maana si buni. Ni majani ya chai mabichi yaliyochemshwa kwa zafarani, iliki na mdalasini, kisha yakanyunyiziwa lozi zilizosagwa. Wana na chai nyingine ya waridi, yenye maziwa na chumvi, ambayo wazee wetu wawili waliipenda na vijana wakaimwaga kwa siri. Karamu yao kubwa huitwa wazwan: wapishi maalumu hupika aina nyingi za nyama ya kondoo, na wageni huketi chini wanne wanne kwa sinia moja la shaba, baada ya birika na bakuli la kunawia mikono kupitishwa. Hapo hatukuhitaji kufundishwa lolote.

Na shali. Manyoya laini ya pashmina hutoka kwa mbuzi wanaofugwa katika nyanda za Changthang, mashariki ya Ladakh, mahali palipo juu ya mita 4,000, ambako baridi humfanya mnyama aote manyoya membamba chini ya manyoya yake ya kawaida. Wafugaji wa huko hawafumi shali hizo. Manyoya hushushwa hadi Srinagar, na kwa karne nyingi wanawake wa Kashmir ndio walioyasokota majumbani kwa gurudumu la mkono, kisha wafumaji na watarizi wakaendelea. Tulimtazama mama mmoja akisokota. Uzi ulikuwa mwembamba hata hatukuuona mpaka alipousogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alisema siku hizi mashine zinafanya kazi hiyo kwa haraka na bei ya mkono imeshuka. Mabinti zake hawataki kurithi gurudumu. Atakayenunua shali huko basi aulize imesokotwa kwa nini, na akiambiwa bei ndogo mno ajue kwamba si pashmina, au si mkono.

Kutoka Srinagar tulikwenda kwa gari, kwa makusudi. Ndege ingetufikisha Leh kwa muda mfupi, lakini mji huo uko mita 3,500 juu ya bahari, na mwili uliozoea Mombasa haupandi kimo hicho kwa saa moja bila kulalamika. Barabara hupanda kidogo kidogo, na usiku mmoja hulalwa Kargil, mita 2,676 hivi. Kwa wazee na wenye pumu au maradhi ya moyo, tunawasihi wamwone daktari kabla ya kukata tikiti. Kichwa kuuma, kichefuchefu na kukosa usingizi ni mambo ya kawaida siku za mwanzo, na dawa yake ni mapumziko na maji. Mtu akianza kuyumba anapotembea, au kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hali ameketi, hapo si pa kungoja asubuhi. Ateremshwe chini na apelekwe hospitali. Mama yetu mkubwa, mwenye umri wa miaka 68, alilala siku mbili nzima tulipofika Leh, akaamka mzima kuliko sisi sote.

Njia hiyo huvuka mlima mahali paitwapo Zoji La, mita 3,528. Neno «la» kwa lugha ya huko ni upenyo wa kupita kati ya milima. Upande mmoja kuna misonobari na majani mabichi. Ukivuka, miti inakwisha kana kwamba mtu ameifuta kwa kitambaa. Mbele ni miamba ya rangi ya kahawia, zambarau na kijivu, na bonde jembamba la kijani panapopita mto. Wakati wa baridi theluji huifunga njia hiyo, na sasa handaki la zaidi ya kilomita 13 linachimbwa chini ya mlima ili watu wa Ladakh wasitengwe na wenzao. Barabara nzima ina askari na vituo vya ukaguzi. Tulitoa pasipoti zetu mara nyingi hata tukaacha kuzirudisha mkobani. Simu za kadi za malipo ya kabla zilizonunuliwa Delhi hazifanyi kazi huko, kwa hiyo waliobaki nyumbani waambiwe mapema wasihangaike.

Kargil ni mji wa Waislamu, wengi wao wa madhehebu ya Shia, uliopo ukingoni mwa mto Suru. Jina lake lilivuma kwa vita vya mwaka 1999, lakini sisi tulitaka kuona nyumba moja ndogo ya makumbusho iitwayo Munshi Aziz Bhat, ambayo familia ya mfanyabiashara wa zamani imeihifadhi. Babu yao alikuwa na nyumba ya kufikia misafara. Humo mna matandiko ya farasi, mazulia, nguo, vifungo na vyombo vilivyopitia mikononi mwa wafanyabiashara wa India, Tibet na Yarkand. Ni kama kuingia katika ghala la jahazi ambalo halikuondoka. Farasi na ngamia ndio waliokuwa vyombo vyao, na majira ya theluji yaliwaamulia safari kama pepo zilivyotuamulia sisi.

Wakati huo Kargil ilikuwa njia panda. Njia moja ilikwenda Srinagar, nyingine Leh, na nyingine ilifuata mto kwenda Skardu, mji wa Baltistan. Hiyo ya Skardu imefungwa tangu vita vya 1947 na 1948, India na Pakistan zilipogawana nchi hizo kwa mtutu. Mwenyeji wetu alituonyesha kwa kidole mahali inapoanzia. Hatukuona ukuta wala genge. Tuliona njia ya kawaida, ikikunja kona.

Baada ya Kargil vijiji huanza kuwa vya Wabudha. Mulbekh kuna sanamu kubwa iliyochongwa kwenye mwamba. Lamayuru kuna nyumba ya watawa juu ya udongo uliomomonyolewa ukawa kama nta iliyoyeyuka. Na katikati yao barabara hufikia Fotu La, mita 4,108, penye upepo mkali na vitambaa vya rangi vilivyofungwa na wapitao. Tulisali adhuhuri na alasiri hapo karibu, kwa kukusanya na kupunguza kama ilivyoruhusiwa kwa msafiri. Na hapa tuseme jambo dogo. Sisi wa Mombasa tumezoea kuielekea kaskazini, maana Makka iko karibu juu yetu moja kwa moja. Katika mabonde haya kibla ni magharibi, kikiinama kidogo kusini. Siku nzima ya kwanza kila mmoja wetu alihitaji kushikwa bega.

Leh tulikaa siku nne. Juu ya mji limesimama kasri la ghorofa tisa lililojengwa na wafalme wa Ladakh katika karne ya 17, tupu sasa, na chini ya kasri, mwanzoni mwa soko kuu, uko msikiti wa Ijumaa ulioanzishwa miaka ya 1660, zamani za mfalme Mbudha aliyekuwa ameafikiana na dola ya Wamughal. Kando ya barabara ya soko wanawake huketi na vikapu vya karoti, kabichi, turnipu na mishmishi. Mishmishi ni lile tunda dogo la rangi ya dhahabu ambalo ndugu zetu walioishi Oman na Ghuba wanalijua vizuri. Huku ndiko kwao. Wanawake hao huzungumza na kila mtu, huchekea bei, na hakuna mwanamume anayewasimamia.

Waislamu wa Leh wengi ni watu wa damu mbili. Wafanyabiashara wa Kashmir na Yarkand walikaa miezi mingi wakingoja njia ifunguke, wakaoa wenyeji, na watoto wao wakaitwa Waargon. Msomaji wa pwani hatashangaa. Mahujaji wa Yarkand na Kashgar pia walipita hapa, wakavuka milima hadi tambarare za India, kisha Bombay, na huko wakapanda meli kwenda Jiddah. Huenda bandarini Bombay walipigana vikumbo na mababu zetu, kwa kuwa majahazi ya Mombasa na Lamu nayo yaliifikia bandari hiyo. Biashara ya misafara ilikoma mwaka 1949, China ilipofunga mpaka wake.

Tulifikia kwa familia ya Kiargon, na tulimwuliza mwenye nyumba, mwalimu mstaafu, kama kweli watu wa dini mbili hukaa kwa amani kama vitabu vya watalii vinavyosema. Hakupamba. Alisema zamani nyumba moja iliweza kuwa na ndugu Mwislamu na ndugu Mbudha, na sikukuu zote zikasherehekewa. Kisha mwaka 1989 kukazuka ghasia, na jumuiya ya Wabudha ikatangaza kuwasusia Waislamu. Hadi mwaka 1992 mtu hakununua dukani kwa jirani yake, wala hakuhudhuria harusi yake, wala mazishi. «Shangazi yangu Mbudha,» alisema, «alikuwa akitupitishia maziwa gizani.» Susio liliondolewa, watu wamerudi kusalimiana, na harusi za kuchanganyika zimekuwa adimu. Tunaandika haya kwa sababu tumechoka na makala zinazoifanya milima kuwa pepo na watu wake kuwa malaika.

Jambo jingine lililotuingia moyoni Leh ni maji. Mvua ya mwaka mzima huko ni milimita 100 hivi tu. Mashamba yote hunyweshwa na maji yanayoyeyuka kutoka barafu ya milimani, kwa mifereji ambayo kila kijiji huigawa kwa zamu. Barafu hiyo inapungua, na maji hupungua zaidi mwezi wa Aprili na Mei, wakati mbegu inayahitaji. Mhandisi wa huko, Sonam Wangchuk, alibuni njia ya kuyahifadhi: maji ya majira ya baridi hupitishwa kwenye bomba, hurushwa juu usiku, huganda na kujijenga kuwa mnara wa barafu, kisha huyeyuka polepole majira ya kupanda yanapofika. Tuliyakumbuka majabia ya Lamu, yanayoweka maji ya mvua. Wakati huohuo hoteli mpya za Leh zinachimba visima na kufunga mabomba ya mvua ya kuogea kwa ajili ya watu kama sisi. Vyoo vya asili vya Ladakh havitumii maji kabisa, jambo la busara kwa nchi kavu, lakini akina mama wasafiri wabebe kopo lao.

Kutoka Leh tulivuka Khardung La, mita 5,359, mahali pa juu kuliko pote tulipowahi kukanyaga. Hatukukaa zaidi ya dakika kumi. Midomo ilianza kuwa ya samawati. Upande wa pili liko bonde la Nubra, na katika vilima vya mchanga vya Hunder wako ngamia wenye nundu mbili, wazao wa wale waliobeba mizigo ya misafara. Leo wanabeba watalii kwa ajili ya picha. Tuliwatazama kwa huruma kidogo, tukaendelea na safari kando ya mto Shyok, bonde likizidi kubana, hadi Turtuk.

Mgeni asiye raia wa India huhitaji kibali cha kuingia Nubra, na kijiji hiki kilifunguliwa kwa watalii mwaka 2010 tu. Kiko kilomita 200 hivi kutoka Leh, karibu na mstari unaotenganisha majeshi ya India na Pakistan. Wakazi ni Wabalti, Waislamu, wenye lugha iliyo jamaa na Kitibeti. Tulipovuka daraja na kupanda ngazi za mawe, ilikuwa kama kuingia bustanini: maji yanakimbia mferejini kando ya kila kichochoro, mijozi imetanda, mishmishi imeanikwa juu ya mapaa na miamba hadi mlima wenyewe ukawa na madoa ya rangi ya chungwa. Wana vijumba vya mawe vilivyojengwa mahali upepo baridi unapopenya, na humo huweka siagi na nyama wakati wa joto. Mkate wao mwembamba, uitwao kisir, hupikwa kwa unga wa nafaka nyeusi ya huko na kuliwa na mtindi wenye majani ya kunukia. Uko msikiti wa kale wa mbao, na mzee aliyetufungulia alituambia kwamba dini iliwafikia kwa mkono wa Mir Sayyid Ali Hamadani. Wabalti walioko ng'ambo, Khaplu na Skardu, nao husema vivyo hivyo.

Tulilala kwa bibi mmoja mjane, pamoja na mwanawe, mkaza mwanawe na mjukuu wa kike anayesoma chuo Leh. Jina lake hatutalitaja. Alipojua kwamba tumetoka Afrika alitushika mikono mmoja mmoja, akauliza kama tuna mama zetu hai.

Mwaka 1971 alikuwa na miaka kumi na mitano, na Turtuk ilikuwa Pakistan. Mwezi wa Desemba vita vilizuka, na jeshi la India likashuka bonde likakamata vijiji vinne: Chalunka, Turtuk, Tyakshi na Thang. Watu walilala nchi moja, wakaamka nyingine. Hakuna aliyehama wala aliyeulizwa. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshuka Skardu kutafuta kazi ya majira ya baridi, angerudi kupanda shayiri. Walipofumba macho mama yao, yeye alikuwa ng'ambo. Walipomzika baba, hali kadhalika. Barua zilichukua miezi, na nyingine zilifika zimefunguliwa.

Tulimwuliza ni mbali kiasi gani. Bibi alinyoosha mkono kuelekea mto unakokwenda, kwa kuwa mto Shyok haukusimamishwa na mtu. Unapita mbele ya mlango wake na kuendelea hadi kwa kaka yake. Kwa njia ya halali alipaswa kwenda Leh, kisha Delhi, kuomba visa, kuvuka mpaka wa Attari na Wagah huko Punjab, kisha kupanda tena milimani hadi Skardu, kilomita elfu kadhaa. Mara mbili aliomba visa, mara mbili akanyimwa. Siku hizi huonana kwenye simu, mtandao unapokuwepo. «Namwona meno hana,» alisema, «lakini simsikii harufu yake.»

Mama yetu mkubwa ndiye aliyevunja kimya. Alikuwa amenuia kwenda Umra katika Ramadhani iliyofuata, akauliza kama kaka ana mtu yeyote Saudia. Alikuwa naye: mwanawe anafanya kazi ya ujenzi Jiddah. Hapo nyumba nzima ikasimama. Mishmishi zilizokauka zikachaguliwa moja moja, zile zenye kokwa ndani, za mti uleule ulio nyuma ya nyumba ambao kaka alikuwa akiupanda utotoni, zikatiwa katika mfuko wa kitambaa, na bibi akaushona mdomo kwa uzi mwekundu.

Mfuko ule ulikaa kabatini Mombasa miezi saba. Mwezi wa Machi 2025 ulikwenda Makka, na baada ya tarawehe moja, kwenye ngazi za hoteli, kijana wa Kibalti aliyetoka Jiddah kwa basi aliupokea kwa mikono miwili. Hakuufungua. Alisema mwenye haki ya kuukata uzi ule ni baba yake, naye atakwenda likizo nyumbani wakati wa Idi.

Mwanzoni mwa Aprili tulipata picha: mzee aliyevaa kofia ya sufu, ameketi juani Skardu, mfuko uko mapajani umefunguliwa, na kokwa kadhaa amezipanga juu ya goti. Tarehe 22 ya mwezi huo watu 26 waliuawa karibu na Pahalgam, Kashmir. Mpaka wa Attari na Wagah ulifungwa, visa zikafutwa, na mwezi wa Mei mizinga ikarushwa pande zote mbili za Kashmir. Siku zile hatukupata jibu kutoka Turtuk. Wanaofikiria kwenda sasa na waulize kwanza hali ilivyo, na wasiifuate tangazo la mawakala peke yake.

Mapigano yalisimamishwa tarehe 10 Mei. Siku chache baadaye mjukuu alituandikia. Wote wazima, alisema, na miti imechanua vizuri mwaka huu. Bibi ameitazama ile picha mara nyingi, na ana swali analotaka lifikishwe kwa kaka yake: je, zile kokwa amezipanda, au amezivunja akala mbegu zake kama alivyokuwa akifanya utotoni?